Ngoma Iliyoko London na Maji ya Mto Tana

Leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Mto Tana, nchini Kenya. Lakini safari yetu haianzii Garissa wala Hola. Inaanzia hapa hapa London, katika mtaa wa Bloomsbury, lilipo jumba la makumbusho la British Museum.

Katika ghala za jumba hilo imehifadhiwa ngoma kubwa ya Wapokomo iitwayo ngadji. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu mwaka 1908 imo mikononi mwa jumba hilo. Haikuwa ngoma ya kuchezewa harusini. Mlio wake uliwaita watu kwenye ibada, na ilikuwa alama ya enzi na heshima ya jamii nzima. Wazee wa Kipokomo wamekuwa wakitaka irudi nyumbani, nayo bado ipo huku ugenini.

Habari za mali za kale zilizochukuliwa Afrika zinastahili siku yake. Leo nimeitaja ngoma hii kwa sababu nyingine. Tangu ilipoondolewa, mambo makubwa yameamuliwa juu ya Mto Tana: mabwawa, mifereji, mashamba ya pamba, mpunga na miwa. Na karibu kila mara yaliamuliwa kabla wenye mto hawajaitwa kikaoni. Swali langu la leo, basi, ni moja: ni nani anayeulizwa kabla mfereji haujachimbwa?

Mto na watu wake

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hushuka hadi nyika kavu ya mashariki, ukapita Garissa, Bura, Hola na Garsen, kisha ukajimwaga Bahari ya Hindi kwenye ghuba ya Ungwana. Nairobi hunywa maji ya vijito vyake. Umeme wa nchi kwa miaka mingi umetegemea mabwawa yake: Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988.

Lakini kabla ya bwawa la kwanza, mto huu ulikuwa na wenyewe. Wapokomo ni wakulima wa kingoni. Walilima kwa kufuata mafuriko, yale ya masika na yale ya vuli. Maji yalipopanda yaliacha matope yenye rutuba, na yaliposhuka, watu walipanda mpunga, mahindi na migomba. Kule chini kwenye delta walitumia hata nguvu ya bahari. Maji yanapojaa baharini husukuma maji baridi ya mto kurudi nyuma, nayo huingia mashambani. Huo nao ni umwagiliaji, ingawa hauna pampu wala mhandisi mwenye cheti ukutani.

Waorma ni wafugaji. Wakati wa mvua huwapeleka ng'ombe wao bara, mbali na mto. Kiangazi kikishika hurudi Tana, kwa sababu hapana pengine pa kurudi. Huufikia mto kwa njia maalumu ziitwazo malka, zinazopita katikati ya mashamba ya wakulima. Kila malka ina jina na historia yake, na wazee wa pande zote mbili huijua: Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, na Matadeda, baraza la wazee wa Kiorma. Wapo pia Wamunyoyaya, Wamalakote, na Waata ambao pwani tumezoea kuwaita Wasanye, watu walioishi kwa kuwinda na kurina asali.

Ukiitazama nchi hii kutoka kwenye ndege mwezi wa Februari, utaona nyika tupu na mstari mmoja wa kijani. Utasema: ardhi hii haina mtu, na maji haya yanapotea bure baharini. Waliochora miradi mingi ya Tana waliona hivyo hivyo. Lakini nyika isiyo na mtu mwezi wa Februari ndiyo malisho ya mwezi wa Mei, na maji yaendayo baharini ndiyo yanayonywesha mpunga wa delta, yanayolisha samaki, na yanayoizuia chumvi isipande mashambani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hola: mfereji uliochimbwa kwa damu

Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na serikali ya kikoloni. Waliouchimbia mifereji walikuwa wafungwa wa vita vya Mau Mau, waliopelekwa huko mbali na makwao. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari wa kambi hadi kufa, kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kuwa watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji la kambini. Uongo huo haukudumu. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huo Bunge la hapa London lilijadili mauaji hayo, na mjadala ule unahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyoharakisha mwisho wa utawala wa Kiingereza nchini Kenya.

Mauaji ya Hola yanakumbukwa, na yanastahili kukumbukwa. Yanayosahauliwa ni kwamba kulikuwa na watu wawili waliodhulumiwa na mfereji ule. Wa kwanza ni mfungwa aliyelazimishwa kuuchimba. Wa pili ni mwenyeji ambaye ardhi yake ilichimbwa. Huyu wa pili hakujadiliwa bungeni.

Mradi wenyewe uliendelea baada ya uhuru, ukapanda pamba. Kisha mwaka 1989 Mto Tana ulihama. Ulikata njia mpya na kuiacha sehemu yenye pampu bila maji, na mashamba yakakauka kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Mtaalamu alishangaa, lakini mwenyeji wa Tana hakushangaa. Mto huu huhama, umehama mara nyingi, na mikondo iliyokufa imejaa kandokando yake.

Bura: mgeni asiyempa mwenyeji nafuu

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuone kama mgeni aliyekuja Bura aliwaponya wenyeji.

Mwaka 1977 Benki ya Dunia, pamoja na wafadhili kadhaa wa Ulaya, iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa umwagiliaji huko Bura, kaskazini mwa Hola. Mpango ulikuwa kulima hekta 6,700 na kuzihamishia huko familia 5,150, zao kuu likiwa pamba. Ulikuwa miongoni mwa miradi ya gharama kubwa ya aina hiyo barani. Gharama zilipanda, kazi ikachelewa, na mwisho zikapatikana hekta 2,500 hivi, na familia zilizohamishiwa pale hazikufika hata nusu ya zile zilizokusudiwa. Mfereji wa kuteremsha maji kwa nguvu yake yenyewe uliachwa, zikawekwa pampu za dizeli. Pampu zilipoharibika, pamba ilikauka. Wakulima waliahidiwa maisha mapya, wakabaki na madeni, malaria, na kina mama wakitafuta kuni mbali zaidi kila mwaka.

Sasa tuwaulize wenyeji. Wakulima wengi wa Bura walitoka wilaya nyingine za Kenya. Hao hatuwalaumu, walikuwa watu wasio na ardhi, wakafuata ahadi. Lakini kwa Waorma mradi ulikaa baina ya nyika na mto. Ng'ombe aliyezoea kwenda majini alikuta mfereji na shamba la mtu. Akipita anakula pamba, na mwenye ng'ombe anatozwa faini. Asipopita anakufa kiu. Kwa mhandisi huyo ni mnyama mharibifu. Kwa mfugaji, mharibifu ni mfereji.

Msikilizaji, tunapozungumzia kuwalinda wenyeji wa asili katika miradi ya maji, mara nyingi hudhaniwa kuwa tunaomba huruma. Bura inaonyesha kuwa suala hili ni la ujuzi pia. Mradi uliopangwa bila wanaoujua mto haukuwadhulumu wao tu, ulishindwa pia kuwanufaisha wale uliojengewa. Fedha zilipotea, na deni likalipwa na taifa zima.

Delta: pale maji yalipogeuka ugomvi

Kule chini kwenye delta, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, iliyoundwa mwaka 1974, ilianzisha mradi wa mpunga kwa msaada wa fedha za Japan. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikabomoa kingo zake. Mwaka 2008 ukaja mpango mwingine, wa shamba la miwa la takriban hekta 20,000, kwa ushirikiano na kampuni ya sukari. Yakafuata maombi ya makampuni ya kigeni yaliyotaka ardhi ya kulima mimea ya mafuta ya magari. Ukijumlisha yote, karibu delta nzima ilikuwa imeshagawanywa katika karatasi, hali mwenye malka na mwenye shamba la mpunga bado wanaishi humo.

Kisha ikaja Agosti 2012. Tuliokuwa zamu katika chumba cha habari hatukuzisahau siku zile. Katika kijiji cha Riketa waliuawa zaidi ya watu 50 kwa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza yakafuata, na hadi Januari 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Tulisoma katika taarifa zetu kuwa hayo yalikuwa mapigano ya Wapokomo na Waorma kugombea maji na malisho. Haikuwa uongo, lakini ilikuwa nusu ya habari. Siasa za uchaguzi wa 2013 zilichochea, na silaha zilikuwa tele. Tena watu hawa walikuwa na kanuni zao za kugawana mto kwa vizazi. Mabwawa ya juu yalipoyavuruga mafuriko, na miradi ya chini ilipoanza kumega ardhi, kila upande ulibaki unamtazama mwenzake kama ndiye aliyempokonya. Aliyechora mstari kwenye ramani hakuwepo siku ya msiba.

Lakini habari za delta haziishii hapo, na ndiyo maana nimezichagua leo. Wakazi walikuwa wameshakwenda mahakamani. Mapema mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa lazima mipango ya matumizi ya ardhi na maji ya delta itengenezwe, tena kwa kuwashirikisha watu wa humo. Mwaka uliotangulia, delta ilikuwa imetambuliwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Yakafanyika mikutano ya vijiji, ya wakulima, wafugaji na wavuvi, na mwaka 2015 mpango ukazinduliwa. Haukukataa kilimo wala haukukataa mifugo. Ulianza kwa kuuliza: maji haya yanatosha nini, na nani anapita wapi?

Si muujiza. Mpango ni karatasi, na karatasi huhitaji fedha na uaminifu. Mafuriko makubwa ya 2018 na 2024, mabwawa ya juu yalipofurika, yaliwafukuza tena maelfu ya watu makwao bila kujali mpango wowote. Hata hivyo, kwa mara moja karamu ilipangwa na wenye nyumba wamo jikoni.

Usangu: funzo kutoka Tanzania

Msikilizaji aliyeko Tanzania asidhani haya ni ya jirani tu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na mifugo yao ikaswagwa kwenda mikoa mingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi, nchi nayo ikikosa umeme wa Mtera na Kidatu. Lakini watafiti waliolichunguza bonde hilo kabla ya hapo walikuwa wameeleza kuwa maji ya kiangazi yalichukuliwa zaidi na mabanio na mifereji ya mashamba ya mpunga. Ng'ombe alionekana kwa urahisi na mfereji haukuonekana, basi akafukuzwa yule anayeonekana. Mwaka 2008 mbuga ya Usangu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mgogoro huo haukufa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kukuza utalii kusini mwa Tanzania, uitwao REGROW, wenye thamani ya dola milioni 150, ambao ulihusu pia usimamizi wa maji juu ya Ruaha. Mwaka 2023 wanavijiji walilalamika kwa jopo la ukaguzi la Benki hiyo kuhusu kuondolewa na kuteswa. Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Mtu wa kijijini, asiye na ofisi wala wakili wa kudumu, aliweza kufikisha neno lake hadi Washington. Ni jambo la kutia moyo. Lakini ingekuwa nafuu kwa kila mtu kama angeulizwa mwanzo, badala ya kusikilizwa mwisho.

Sheria zinasemaje?

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazitambua jamii za wafugaji, na za wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda ya porini, kuwa miongoni mwa jamii zilizotengwa zinazostahili ulinzi. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, na sheria ya ardhi ya jamii ilipitishwa mwaka 2016. Katika shauri la Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kuwa kwa miradi mikubwa inayogusa maisha ya watu wa asili haitoshi kuwaarifu, bali lazima ipatikane ridhaa yao. Uamuzi huo uliidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Kenya haikukubali wala haikukataa. Benki ya Dunia nayo, ambayo wakati wa Bura haikuwa na mwongozo wowote kuhusu watu wa asili, ilitoa wa kwanza mwaka 1982, ikaurekebisha mara kadhaa. Ule unaotumika tangu mwaka 2018 unadai ridhaa iliyotolewa kwa hiari, mapema na kwa kuelewa, pale mradi unapogusa ardhi na maji ya jamii hizo.

Hapa viongozi wetu huuliza: Afrika, nani si mwenyeji wa asili? Sote ni wa hapa. Ni swali la haki na lina jibu. Istilahi hii barani kwetu haigombanii nani alifika kwanza. Inawahusu wale ambao maisha yao yanategemea ardhi na maji kwa namna ambayo sheria na mipango ya serikali haikuitambua, na kwa hiyo hupotezwa bila aliyewapoteza kujua kuwa amepoteza kitu. Aliyekaa Tana miaka mia tano na aliyekaa miaka mia mbili wote hunywa maji yale yale. Linalotafutwa ni kwamba asiwepo anayefungiwa mto kwa kuwa tu hana hati ya njia aliyopita babu yake.

Kuuliza ni kazi

Wapo watakaosema: nchi ina njaa, idadi ya watu inapanda, ukame unarudi kila miaka michache, nawe unatuambia tusubiri wazee wamalize kikao? Hoja hii ina uzito. Mpokomo naye anataka pampu inayofanya kazi, na Muorma anataka majani ya kumvusha ng'ombe wakati wa ukame. Hakuna aliyesema umwagiliaji usiwepo. Wamarakwet wa bonde la Kerio wamepitisha maji katika mifereji ya koo zao kwa mamia ya miaka, na Wasonjo wa kaskazini mwa Tanzania vivyo hivyo, na huko kila tone lina zamu yake na kila zamu ina mwenyewe. Umwagiliaji si ugeni kwetu. Ugeni ni kumwagilia bila kuulizana.

Basi kuuliza kwa kweli ni kupi? Kwanza, ni kuuliza wakati mwafaka. Baraza linaloitishwa wakati wafugaji wako bara, kilomita mia kutoka mtoni, halikuwauliza wafugaji. Pili, ni kuuliza kwa lugha ya watu. Ripoti ya kurasa mia nne kwa Kiingereza, iliyowekwa ofisini wilayani, haikumwarifu mtu. Tatu, ni kuwauliza wote. Anayeteka maji ni mwanamke, naye ndiye anayejua kina cha mto mwezi wa tisa, lakini mara nyingi huitwa kupika chai ya mkutano. Nne, malka, makaburi, mapito ya samaki na mashamba ya mafuriko yawekwe kwenye ramani kwanza, ndipo mfereji uchorwe. Tano, na hili ndilo zito, anayeulizwa awe na uwezo wa kubadilisha jibu. Kama mkandarasi ameshalipwa na tingatinga limeshafika, yale si mashauriano, ni taarifa ya msiba.

Na nisiwanyooshee kidole wahandisi peke yao. Katika miaka yangu ya kutayarisha vipindi, nimepiga simu nyingi kuhusu miradi ya maji. Karibu kila mara niliyempata kwanza alikuwa waziri, msemaji wa wizara au mtaalamu aliyeko mjini, kwa kuwa wao wana simu isiyokatika na wanajua kuzungumza kwa dakika mbili. Mfugaji alipatikana mwisho, na mara nyingi baada ya maafa. Siku nilipompata mapema, nilijifunza mambo ambayo msemaji hakuyajua. Sisi wa redio nasi tunachora ramani. Nasi huacha sehemu tupu.

Ninamalizia kwa jambo ambalo Wakenya wengi wanalijua na wengi wetu wengine hatulijui. Wimbo wa taifa wa Kenya, unaoimbwa tangu uhuru wa mwaka 1963, sauti yake ilitokana na bembelezi la Wapokomo, wimbo ambao mama wa kando ya Tana alimwimbia mtoto wake alale. Kila siku bendera inapopandishwa, majenerali na mawaziri husimama wima kwa heshima ya sauti ile. Miradi mingine ya Tana imo njiani, bwawa la High Grand Falls likiwa limezungumzwa kwa miaka mingi, na pampu nyingine zitakuja. Taifa linalosimama kwa wimbo wa mama yule lisione uzito kuketi naye chini, kabla kijiti cha kwanza cha kupimia ardhi hakijachomekwa, likamuuliza: mama, maji haya hupita wapi?

Msikilizaji mpenzi, huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Kama nawe unaishi kando ya mto, ziwa au mfereji, na ulikuja mradi wakakuuliza au hawakukuuliza, tuandikie utueleze.